HESABU YA MAJUMA
Hotuba juu ya watoto wazaliwao kabla ya siku zao, iliyosomwa na karani mmoja barazani, mbele ya machifu, walimu na watu wa vijiji



 Mimi si daktari. Mimi ni karani tu, na kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini karani huona jambo ambalo wengine hawalioni, kwa kuwa habari za nyumba nyingi hupita mkononi mwake. Mtu mmoja hulia msiba wa nyumba yake, kisha hunyamaza. Karani huandika misiba ya vijiji vingi katika ukurasa mmoja, naye augeuzapo ukurasa ule huona kwamba misiba inafanana. Neno nililoliona katika daftari ndilo lililonileta hapa. Nalo ni habari ya watoto wazaliwao kabla ya siku zao, ambao siku hizi wengi huwaita watoto njiti.

Naomba radhi kwanza kwa wakubwa na kwa mama zetu, maana sitakosa kutaja mambo ya ndani ambayo si desturi kuyasema hadharani. Lakini wahenga walikwisha sema, mficha uchi hazai. Tukiona haya kuyasema, tutaendelea kuyazika.

Nitaanza na nyumba yangu mwenyewe, mtu asije akadhani ya kwamba namnyoshea kidole jirani. Mke wangu alipochukua mimba ya kwanza nilifurahi sana. Lakini mama yangu aliponiuliza mimba ile ni ya miezi mingapi, nilijibu, “Labda sita, labda saba.” Mimi niliyeweza kusema bila kutazama kitabu ni nani amelipa na nani hajalipa, sikujua hesabu ya mwanangu. Masika yakaja, na mbu wakaja pamoja nayo. Mke wangu akashikwa na homa, ikamwacha, ikarudi. Baadaye akawa anaumwa kichwa kila siku, na asubuhi uso wake umevimba. Jirani mmoja akasema kuvimba huko ni dalili ya mtoto wa kiume, nasi tukacheka.

Usiku mmoja wa mvua uchungu ukamshika, na mtoto akazaliwa nyumbani, yu hai. Alikuwa mdogo hata aliweza kulala katika viganja vyangu viwili. Wanawake waliokuwapo wakamwosha kwa maji, wakamfunga katika kanga, wakamlaza juu ya mkeka kando, kwa kuwa shughuli yote ilikuwa kwa mama yake aliyedhoofika. Mzee mmoja akaniambia, kwa huruma wala si kwa ubaya, “Mwanangu, huyu ni mpita njia, usimpe jina.” Nikatii. Kabla ya kupambazuka alikuwa wa baridi.

Siku ya nne nikarudi kazini, nikafungua daftari, nikaandika kifo cha mtoto asiye na jina. Palipotakiwa sababu nikaandika, “Alizaliwa kabla ya siku.” Kisha nikakaa na kalamu mkononi. Kabla ya siku zipi? Sikuzijua. Nikageuza kurasa za nyuma, na tazama, maneno yale yale yalikuwapo tena na tena, kwa mwandiko wangu mimi, nami sikuwahi kuuliza hata mara moja. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza. Nawaletea leo yale niliyojibiwa na waganga na wauguzi, na niliyoyasoma.

Kwanza yafaa tujue siku zenyewe. Mimba ya binadamu huchukua majuma 40, yaani siku 280, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mtoto azaliwaye kabla ya kutimia majuma 37 huyo ndiye aliyezaliwa kabla ya siku. Nao si wote sawa. Wako wazaliwao kati ya juma la 32 na la 37, nao ndio wengi: yapata 85 katika kila 100 wa watoto hawa. Wako wa kati ya juma la 28 na la 32; na wako wachache sana wa chini ya 28, ambao taabu yao ni kubwa kuliko wote.

Na hapa yafaa nilitaje neno moja la zamani. Nimesikia watu wakisema kwamba mtoto wa miezi saba huishi, bali wa miezi minane hufa. Neno hilo si la kwetu peke yetu. Hata Wayunani wa kale waliliandika katika vitabu vyao vya uganga. Lakini si kweli. Kila juma analokaa mtoto tumboni ni faida kwake. Mapafu hukomaa, mafuta chini ya ngozi huongezeka, na mnamo juma la 34 hivi huanza kuweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa taratibu bila kupaliwa. Wa miezi minane ana nguvu kuliko wa saba. Amwachaye wa miezi minane afe kwa kuwa “ndivyo ilivyo” amemwacha aliyekuwa karibu na kupona.

Je, jambo hili ni kubwa kiasi gani? Shirika la Afya Duniani limekisia kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya siku zao ulimwenguni, yaani mmoja katika kila 10 wazaliwao. Katika mwaka 2019 watoto wapatao 900,000 walikufa kwa matata ya kuzaliwa mapema. Wala hakuna sababu nyingine iuayo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya hiyo. Malawi, nchi isiyo mbali nasi, ilihesabiwa mwaka 2020 kuwa na watoto kama hawa 14 na nusu hivi katika kila 100. Kwetu Kenya, hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wazaliwao hai, 21 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na kuzaliwa mapema ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo hivyo.

Sasa sikilizeni neno la ajabu. Ukilinganisha mwaka 2010 na mwaka 2020, hesabu ya ulimwengu haikupungua hata kidogo: ilikuwa 9.8 katika kila 100, ikawa 9.9. Miaka kumi ilipita, na watoto wanazaliwa mapema vile vile. Katika nchi za matajiri sababu mojawapo ni kwamba wanawake huzaa wakiwa na umri mkubwa, na mapacha wameongezeka kwa ajili ya dawa za kutafuta mimba. Tena mara nyingine madaktari wenyewe humzalisha mama mapema ili kumwokoa na ugonjwa. Katika nchi zetu yako mengine. Lakini tofauti iliyo kubwa hasa ni ya kuishi. Mtoto aliyezaliwa chini ya majuma 28 katika nchi tajiri, zaidi ya tisa katika kumi hupona. Katika nchi maskini hata mmoja katika kumi hafiki. Basi tusiseme ni majaliwa tu. Majaliwa hayangalii mali ya nchi.

Nitataja sasa mambo yamletayo mtoto kabla ya siku zake, na kila mtu apime nyumba yake.

La kwanza ni malaria. Kwa mwenye mimba malaria ina hila: vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma, mahali pale mtoto apatapo chakula, na mama huweza kuwa navyo bila hata homa kali. Mimba ya kwanza ndiyo hushambuliwa zaidi. Kwa sababu hiyo, katika sehemu za pwani na za ziwa, kliniki huwapa wajawazito dawa ya SP tangu juma la 13, kila baada ya mwezi, angalau mara tatu, pamoja na chandarua chenye dawa. Yuko ambaye SP haimfai, na muuguzi atamwambia. Chandarua si cha kuvulia dagaa, wala si cha kuzungushia miche.

La pili ni shinikizo la damu. Kumbukeni kichwa cha mke wangu na uso wake uliovimba. Ile haikuwa dalili ya mtoto wa kiume, ilikuwa kengele. Kuumwa kichwa kusikokoma, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya kifua upande wa kulia: mwenye dalili hizi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana ugonjwa huu huua mama na mtoto pamoja.

La tatu ni maradhi mengine: upungufu wa damu, kaswende, ugonjwa wa njia ya mkojo. Haya yote hupimwa kwa damu kidogo na mkojo kidogo, nayo hutibika. Kaswende haitibiki kwa mke peke yake. Mume asiyetaka kupimwa ndiye airudishaye.

La nne ni umri na nafasi. Msichana ambaye mwili wake haujakomaa yumo hatarini zaidi. Na hesabu ile ile ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Kenya wa miaka 15 hadi 19, wapatao 15 walikwisha pata mimba. Walimu, jambo hili ni lenu na letu. Kadhalika mama aliyejifungua apumzike angalau miaka miwili kabla ya kuchukua mimba nyingine. Hata mkulima huliacha shamba lipumue.

La tano ni mambo ya nyumbani: tumbaku, pombe, kazi nzito isiyo na mapumziko, na kupigwa. Nalitaja neno hili la mwisho mbele ya wazee kwa sauti wazi. Mwanamume ampigaye mke mwenye mimba anampiga na mtoto wake mwenyewe asiyeweza kukimbia.

Yako mengine yasiyo na mlaumiwa. Mwenye mapacha, na yule ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa mapema, hawa wana hatari zaidi na wapaswa kutazamwa sana. Tena kwa wanawake wengi hata daktari hawezi kuonyesha sababu yo yote. Basi tuache kumwuliza mama aliyefiwa amevunja mwiko gani, au ametembea na nani. Huko ni kumchoma mkuki aliyekwisha anguka.

Sasa nafika katika shabaha ya hotuba yangu, nayo ni hesabu. Wengi wetu huanza kuhesabu mimba siku tumbo lionekanapo, au siku mtoto achezapo. Kwa hiyo asemaye “miezi minane” huenda ni saba, huenda ni tisa. Mtasema, hiyo ni kazi ya makarani, inamsaidia nini mtoto? Sikilizeni.

Iko dawa ya sindano, deksamethasoni, ya jamii ya zile ambazo madaktari wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, walionyesha mwaka 1972 kwamba humkomaza mapafu mtoto akiwa angali tumboni. Hupewa mama ambaye uchungu umemshika mapema. Baadaye dawa hizi zikajaribiwa katika vijiji vya nchi sita, na Kenya ikiwamo, mahali ambapo majuma ya mimba hayakujulikana kwa hakika. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2014, yaliwashangaza watu: watoto wadogo hawakufaidika, na kwa jumla vifo vya watoto wachanga viliongezeka. Madaktari hawakukata tamaa. Wakajaribu tena katika hospitali za nchi tano, Kenya ikiwamo, lakini safari hii majuma ya kila mimba yalithibitishwa kwa chombo cha kupiga picha ya tumbo, na watoto wakatunzwa vema. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa hai, waliokufa walikuwa karibu 20 kwa waliopata dawa, na zaidi ya 23 kwa wasioipata. Tofauti ilikuwa utunzaji na hesabu. Mkunga asiyejua majuma ni kama nahodha asiyejua kina cha maji.

Wala hesabu hii haihitaji elimu kubwa. Siku ya kwanza ya hedhi na iandikwe kila mwezi. Hedhi ikikosekana, ihesabiwe kutoka ile ya mwisho, na kila siku ya soko litiwe alama moja ukutani kwa mkaa, au fundo moja katika uzi. Alama ya 13, ni wakati wa dawa ya malaria. Kabla ya alama ya 24, apelekwe kupigwa picha ya tumbo kama chombo kipo. Alama ya 37 ndiyo lango. Uchungu, au maji kuvunjika, au damu, au kuumwa kiuno kwa vipindi kabla ya lango hilo, si jambo la kungoja mapambazuko.

Na akizaliwa mapema, je? Huko Paris, tangu miaka ya 1880, daktari Tarnier aliwaweka watoto kama hawa katika sanduku lenye joto, baada ya kuona mashine ya kuangulia vifaranga. Katika watoto wa chini ya gramu 2,000, waliokufa walipungua kutoka 66 hadi 38 katika kila 100. Watu wakajua ya kwamba baridi ndiyo iliyokuwa ikiua. Lakini masanduku ni ghali. Katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto wengi kuliko masanduku. Akawaweka watoto uchi, na nepi tu, juu ya vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, kama mnyama kangaruu abebavyo mtoto wake. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: watoto 3,211 wenye uzito wa kilo moja hadi chini ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, 12 katika kila 100 walikufa. Wale waliongojea hata wapate nguvu, karibu 16. Kifua cha mama kiliwashinda mashine na kungoja.

Narudi nyumbani kwangu. Baada ya miaka miwili na zaidi mke wangu alichukua mimba tena. Safari hii nilitundika kalenda juu ya mlango, nikatia alama kila juma. Katika juma la 32 kliniki waliona damu yake inapanda. Muuguzi akauliza, “Majuma mangapi?” Mke wangu akajibu kabla yangu, “Thelathini na mawili, na siku mbili.” Muuguzi akatutazama, akaandika, wala hakupoteza muda. Akapelekwa hospitali usiku ule, akadungwa sindano, na katika juma la 33 akazaliwa binti wa gramu 1,700.

Hatukumwosha. Alipanguswa, akavikwa kofia na soksi, akawekwa kifuani. Akanyweshwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe kidogo. Mama yake alipotaka kulala, mimi nilivua shati nikambeba. Mama mkwe wangu alipokuja kututazama alisimama mlangoni, akasema, “Ala! Siku hizi wanaume wananyonyesha?” Wauguzi wakacheka, nami nikacheka. Lakini siku ya tatu niliamka nikamkuta mama mkwe huyo huyo ameketi pembeni, kitambaa kifuani, mjukuu ndani yake, akimwimbia polepole. Jina alikuwa amekwisha pewa, siku ile ile aliyozaliwa. Leo yuko katika darasa la chekechea, na mwalimu wake, aliyemo barazani hapa, anaweza kuwaambia kama ananyamaza hata dakika moja.

Basi, mabwana, yako mambo matatu ninayoyaomba. Machifu, kila kijiji na kiwe na pikipiki au gari lijulikanalo, na mwenye zamu ya usiku ajulikane, ili mama mwenye uchungu wa mapema asitafutiwe njia gizani. Walimu, wafundisheni wavulana na wasichana wakubwa hesabu hii ya majuma 40, kama mnavyowafundisha hesabu ya fedha. Kwa maana ni hesabu ambayo kila mmoja wao ataihitaji. Nanyi wanaume wenzangu, tujue alama zilizo ukutani mwetu. Mtu akikuuliza mimba ya mke wako ni ya majuma mangapi, usijibu “labda”.

Na ninyi mama zetu wakunga wa vijijini, sikuja kuwashusha heshima. Mikono yenu ilitupokea sisi sote. Naomba tu mikono hiyo imweke mtoto mdogo juu ya kifua cha mama yake, wala si juu ya mkeka, na njiani mwendapo hospitali asiondolewe hapo.

Daftari langu lingaliko, na kalamu ningali nayo. Nitaandika yale mtakayoniletea, maana ndiyo kazi yangu. Lakini furaha yangu itakuwa siku nitakapogeuza ukurasa mzima nisiyakute maneno yale, nikute majina tu, majina ya watoto, mmoja baada ya mmoja.